Walioleta Aibu: Historia ya Dhamiri Kutoka Liru hadi Ombaci

Ukitoka Oli, mtaa wa mji wa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, ambako Kiswahili, Kinubi, Kilugbara na Kilingala hugombea nafasi sokoni tangu alfajiri, ukashika barabara ya kaskazini hadi Koboko, utapita kati ya milima miwili yenye habari ya kale. Mkono wa kulia, upande wa Terego, umesimama Wati, ambao wenyeji huuita Eti. Mbele, Koboko, upo Liru. Wazee wa Kilugbara husimulia kwamba Dribidu alifia Eti na Jaki alifia Liru, na kwamba kabla ya hao wawili binadamu hawakujua aibu.

Simulizi zenyewe ziliandikwa kwa urefu na John Middleton, Mwingereza aliyekaa na Walugbara mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, akachapisha kitabu chake kikubwa kuhusu dini yao mwaka 1960. Hapo mwanzo, aliambiwa, walikuwapo Gborogboro na Meme, mume na mke wa kwanza. Wakazaa mapacha, wa kiume na wa kike. Hao wakazaa wengine, kaka na dada, vizazi kwa vizazi. Mahari hayakuwapo, wala ukoo, wala mtu wa kumwita shemeji. Kisha wakaja mashujaa. Jaki alishuka kutoka kaskazini. Wakakwa nao humtaja, kwa jina la Yeki, kuwa babu yao. Dribidu alikuja kutoka ng'ambo ya Nile, mwili umejaa manyoya, naye alikuwa amefukuzwa kwao kwa sababu alikutwa akiwala watoto wake mwenyewe.

Hapo msomaji asimame kidogo. Mataifa mengi yanapomtaja mleta sheria humvika joho jeupe na kumpandisha mlimani akaongee na Mungu. Hawa wamemchagua mla watoto.

Tena sheria yenyewe haikushushwa. Mashujaa walikuwa wakila nyama mbichi, kwa kuwa moto hawakuwa nao. Wakakutana na mwanamke mwenye ukoma, aliyetengwa na watu lakini mwenye moto. Akawapa. Shujaa akamtibu kwa dawa zake, ngozi ikarudi. Akalala naye, mwanamke akapata mimba. Ndugu wa mwanamke walipopata habari walikuja na mishale. Damu ilimwagika, na vita havikumalizwa kwa kushindwa upande mmoja. Vilimalizwa kwa ng'ombe waliotolewa kwa ndugu wa yule mwanamke. Hayo ndiyo mahari ya kwanza katika simulizi hiyo, na ndipo ukaanza ukoo, ukaanza ukwe, vikaanza visasi vyenye mipaka na mtu akaweza kusema jambo fulani halifanywi.

Swali la mahali dhamiri inapotoka limewasumbua wengi. Padri wa misheni alijibu kwamba Mungu ameiandika moyoni mwa kila mtu, hata asiyemjua, akimtegemea mtume Paulo na waraka wake kwa Warumi. Shehe wa Kinubi alikuwa na jibu lake: Surat al-Qiyama inaitaja nafsi inayojilaumu. Charles Darwin, mwaka 1871, alisema mnyama yeyote anayeishi kwa kundi, akipewa akili ya kutosha, hataepuka kupata dhamiri. Jibu la Eti na Liru ni la namna nyingine kabisa: dhamiri ilianza siku ndugu wa mtu aliyekosewa walipokuja kudai, na mkosaji akakubali kwamba ana deni. Mimi naliona jibu hilo kuwa zito kuliko linavyofikiriwa, na historia ya West Nile, eneo hili la milima hiyo miwili, pamoja na maovu yake, imelipima mara nyingi.

Mungu katika mawazo hayo ya kale hakuwa hakimu wa kila siku. Muumba alikuwa mbali, juu. Upande wake mwingine ulikaa karibu, kwenye vijito na vichaka, nao ulikuwa wa kutisha: kiumbe mrefu, mweupe, nusu mwili, jicho moja, mguu mmoja, anayekula watu. Huwezi kumwomba huyo akufundishe kumheshimu baba mkubwa. Waliofundisha heshima walikuwa wafu wa ukoo. Middleton anaeleza utaratibu wake hatua kwa hatua. Kijana amemjibu vibaya mjomba, au amemnyima ndugu yake shamba. Mzee hapigi kelele. Anakaa karibu na vibanda vidogo vya mizimu, moyo umemchafuka, na wafu huyasikia yaliyomo moyoni mwake bila yeye kufungua kinywa. Baada ya muda kijana anaugua. Ramli inapigwa kwa kijiti kinachosuguliwa huku majina ya walio hai na waliokufa yakitajwa. Kikinasa, jina limepatikana. Mnyama anatengwa kwa ajili ya sadaka lakini hachinjwi bado. Huchinjwa mgonjwa akipona. Akifa, sadaka haipo. Siku ya kuchinja, nyama hugawanywa kwa ukoo mzima, aliyekosa na aliyekosewa wakila pamoja.

Kwa hiyo majuto yalikuja na homa. Lakini tusidhani kwamba Walugbara hawakujua dhamiri ya ndani. Walisema ndani ya mtu mna roho waliyoiita orindi, inayomfanya atende kama mtu wa ukoo, mwenye kujali wenzake. Na mna pia adro, ile ya kichakani, inayomvuta kwenda kivyake. Mtu akifa huachana: orindi hurudi kwa jamaa na kujengewa kibanda, adro huenda kijitoni. Hata mzee aliyeita ugonjwa hakuwa salama. Akizidisha, akionekana anatumia wafu kujijengea cheo kwa wapinzani wake, watu waliacha kumwita mlinzi wa ukoo, wakaanza kunong'ona kwamba ni mchawi. Kitendo ni kile kile. Kilichobadilika ni hukumu ya majirani. Middleton alishuhudia wazee wakishindana hivyo wakati koo zilipokuwa zinagawanyika, kila mmoja akiutaka ugonjwa wa kijana uwe ushahidi wa mamlaka yake.

Udhaifu wa mfumo huo ulikuwa pembeni mwake. Wafu hawana habari na mtu wa mbali. Jirani ni ndugu au shemeji. Anayemfuata ni adui wa kupigana naye kwa mishale na kupatana naye. Anayekaa mbali zaidi ni mchawi. Na wa mwisho kabisa upeoni si mtu sawasawa, anatembea kichwa chini, anakula wenzake, analala na dada yake. Wazungu walipoanza kuonekana walitiwa kundi hilo la mwisho. Walisemwa kuwa wanakula watu na kwamba wakipotea machoni hutembea kwa vichwa. Mwenye kucheka akumbuke waliopita hapa kabla ya serikali: askari wa Misri na watumishi wa gavana wao, Emin Pasha, Madervishi wa Mahdi waliokaa Rejaf hadi 1897, kisha maofisa wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyekodishwa eneo la Lado mwaka 1894. Leopold alikufa Desemba 1909, na mwaka uliofuata eneo likapewa Sudan, lakini kwa muda utawala ulikuwa wa jina tu, wawindaji wa pembe za ndovu wakajifanyia walivyotaka. Kumwita mtu wa namna hiyo mla watu hakukuwa mbali sana na ukweli.

Na mpaka huo kati ya wa karibu na wa mbali si wa Walugbara peke yao. Huenda si wa binadamu peke yao. Katika msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, watafiti wakiongozwa na John Mitani walifuata kundi kubwa la sokwe wa Ngogo kwa miaka 10. Sokwe hao hugawana nyama, husafishana manyoya, husaidiana wakiwa taabani. Madume hao hao walitoka kwa doria, kimya, mstari mmoja, wakaingia kwa majirani na kuua, na mwaka 2009 wakaanza kuitumia ardhi ya waliouawa kana kwamba ni yao. Wema wa ndani na ukatili wa nje vilikaa katika miili ile ile. Darwin alikuwa ameliona hilo. Aliandika kwamba huruma ya binadamu wa kale iliishia kwa kabila lake, na kwamba kuivusha mpaka kulihitaji kazi nyingine.

Aliyejaribu kuivusha hapa wa kwanza alikuwa Mkakwa, jina lake Rembe. Mwaka 1914 West Nile ilihamishiwa Uganda, na A. E. Weatherhead akafika Arua kuwa mkuu wa wilaya wa kwanza. Kodi ikaja, wakaja na machifu wa kuteuliwa, katika nchi ambayo haikuwahi kuwa na chifu wa namna hiyo. Magonjwa ya watu na ya ng'ombe yalikuwa yameshapita. Rembe alitoa maji. Aliyekunywa maji ya Yakan aliambiwa kwamba risasi hazitamdhuru, kwamba kodi haitalipwa, kwamba wafu na ng'ombe watarudi. Msomaji wa Tanzania atamkumbuka mara moja Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na vita vya Maji Maji vya 1905.

Kinachonivutia kwa Rembe si risasi. Waliokunywa walikusanyika kambini bila kujali ukoo, wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee, chini ya viongozi ambao hawakuwa wazee wa mizimu. Watu ambao juzi walirushiana mishale walikula na kucheza ngoma pamoja kwa sababu wamekunywa kutoka mtungi mmoja. Ulikuwa ukoo wa kutengenezwa. Serikali haikuona hivyo. Rembe alikamatwa na kunyongwa Yei mwaka 1917. Miaka miwili baadaye, huko Udupi, wafuasi wa maji walipambana na polisi, damu ikamwagika, na Yakan ikapigwa marufuku. Wengi waliosimamia maji baadaye walipelekwa uhamishoni. Baadhi walirudi na, kwa kejeli ambayo historia haikosi, wakaja kuwa machifu.

Baada ya Rembe zikaja dini mbili zenye udugu mpana kuliko ukoo. Uislamu ulikuwapo tayari kwa Wanubi na Waaringa, ukapata nguvu mitaani kama Oli. Mapadri wa Verona walifungua Moyo mwaka 1917, na Africa Inland Mission ikaja Arua mwaka uliofuata. Sitaongeza mengi hapo. Jambo lililobadilisha maisha ya kawaida zaidi lilikuwa gari la vibarua. Serikali iliifanya West Nile kuwa ghala la nguvu kazi: vijana kwenye mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, vijana kwenye jeshi la King's African Rifles. Huko Kiswahili kilikuwa lugha ya amri. Mzee anaweza kununa karibu na kibanda chake Maracha hadi jua lizame, lakini kijana aliye kambini Jinja hajui kwamba amenuniwa, na akiugua atapewa kwinini. Ule mkono wa wafu ulikuwa mfupi.

Idi Amin aliingia KAR mwaka 1946. Tarehe 25 Januari 1971 alichukua nchi. Kilichofuata kinajulikana, na mengi yake yalianzia kambini: mwaka huo huo askari wa Kiacholi na Kilangi waliuawa kwa mamia katika kambi zao wenyewe, na wenzao waliokula nao mezani. Wale waliokuwa wakiua walikuwa na mama na wajomba na makaburi ya kutunza. Hawakuwa watu wasio na dhamiri. Walikuwa watu ambao dhamiri yao ilikuwa na uzio, na aliyeuawa aliwekwa nje ya uzio kwanza kwa maneno, kisha kwa amri, mwisho kwa bunduki.

Tazama lini uasi ulitokea ndani ya jeshi. Mapema mwaka 1974 Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara, aliondolewa kwenye uwaziri wa mambo ya nje. Alitekwa Kampala akimpeleka mtoto shule, na maiti yake ikaonekana mtoni Nile. Machi, Brigedia Charles Arube, Mkakwa kama Amin, akaongoza jaribio la kumpindua, na akafa humo. Simpunguzii Arube ujasiri wake. Aliweka roho yake mezani. Lakini maiti za Waacholi zilikuwa zimepita katika maji yale yale miaka mitatu kabla, na kambi hazikuasi. Aliyekufa alipokuwa mtu anayefahamika, mwenye ukoo Arua, ndipo deni likaonekana ni deni.

Amin aliondoka Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Majeshi ya Tanzania yalifika Arua na Koboko, na wakimbizi wa baadaye waliwasifu askari hao kwa kuwazuia wenzao wa Uganda wasilipize kisasi. Hilo nalo lina funzo: Mtanzania hakuwa na kesi na mtu wa Koboko. Aliyekuja nyuma yake, askari wa UNLA, jeshi jipya la Uganda, kutoka Acholi na Lango, alikuwa na kaka aliyeuawa kambini 1971 na hakuna aliyewahi kumjia na ng'ombe. Watanzania walipopungua mwaka 1980, na waliokuwa askari wa Amin walipovuka mpaka Oktoba mwaka huo na kuishambulia Koboko na Arua, UNLA ilirudi ikiwa imeamua kwamba kila aliyezaliwa hapa ni Amin. Miji ilichomwa na watu wakakimbia kwa mamia ya maelfu kwenda Sudan na Zaire.

Tarehe 24 Juni 1981 zamu ikawa ya Ombaci, misheni ya Kikatoliki nje kidogo ya Arua, yenye kanisa na shule. Watu wa vijiji jirani walikuwa wamejazana humo pamoja na mapadri wa Comboni, wakiamini kwamba pale hapaguswi: msalaba wa kanisa, na watu wa Msalaba Mwekundu waliokuwa wakileta huduma. Askari waliingia. Watu wasiopungua 60 waliuawa, wanawake na watoto wamo, na idadi inayotajwa na wenyeji katika kumbukumbu za kila mwaka ni kubwa zaidi. Mapadri waliosalia walikusanya majeruhi. Kwa muuaji, aliyekuwa mbele yake alikuwa yule wa ng'ambo ya upeo, anayetembea kichwa chini. Wazee wa Lugbara wangeitambua picha hiyo mara moja, ila safari hii wao ndio waliochorwa.

Waliovuka mpaka walifikia wapi? Kwa Walugbara wa Aru na Ariwara upande wa Zaire, na kwa Wakakwa wa Yei upande wa Sudan. Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wabelgiji ulikuwa umekata koo katikati, na sasa mkato huo ukawa mlango. Barbara Harrell-Bond, aliyefanya utafiti Yei mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu mwaka 1986, aliwakuta wengi wakikaa nje ya kambi za misaada, wakilima ardhi waliyopewa na wenyeji. Hata hivyo aliandika pia mambo ambayo wapenda sifa za ukarimu wa Kiafrika hawayataji: njaa ikikaza, familia zilisambaratika, wazee waliachwa, ndugu alimfungia ndugu mlango. Ukoo una uwezo wake, na uwezo huo unaweza kuisha.

Waliporudi, kuanzia katikati ya miaka ya 1980 vita vya Sudan vilipowafikia walikokimbilia, walikuta mashamba yamekuwa msitu. Vibanda vya mizimu vilikuwa vimeoza. Miongoni mwa Wamadi wa Moyo, Tim Allen aliona kitu kibaya zaidi: watu walioponea bunduki walianza kuuana kwa tuhuma za uchawi na sumu, na waliotuhumiwa zaidi walikuwa wanawake. Chombo cha zamani cha kuulizana nani amemkosea nani kilikuwa kimebaki, lakini wazee wa kukiongoza walikuwa wamekufa uhamishoni, na sadaka ya kukimalizia haikuwapo.

Serikali ilikuja na njia yake. Sheria ya msamaha ilipitishwa mwaka 2000, na tarehe 24 Desemba 2002 waasi wa UNRF II wakiongozwa na Ali Bamuze walisaini amani Yumbe. Bunduki zilinyamaza, na hilo si dogo. Lakini msamaha huo ulikuwa kati ya serikali na mwasi. Aliyechomewa nyumba Aringa hakuwa mezani, wala aliyefiwa Ombaci, wala, kwa haki, mjane wa askari wa Kiacholi wa 1971.

Ndipo ukaja mwaka 2016. Vita vilipolipuka tena Juba, Sudan Kusini, mwezi Julai, watu wa Yei na Kajo-Keji walikimbilia kusini, wakipita njia ile ile iliyokanyagwa na mama zao na wenyeji wao kwa zamu. Agosti ilifunguliwa kambi ya wakimbizi ya Bidibidi, Yumbe. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imejaa watu zaidi ya 270,000 na kufungwa kwa wageni wapya. Ardhi waliyokatiwa, viwanja vya mita 30 kwa 30, ilikuwa ya koo za Aringa, na walioitoa walitaja sababu moja kila walipoulizwa: nasi tulikuwa kwenu. Koboko nayo ilikuwa imeshawapokea Wakongo huko Lobule. Aisifuye mvua imemnyea. Ukarimu huu hauna malaika ndani yake. Ni deni linalolipwa, na anayelipa anajua jina la kijiji kilichomkopesha.

Nao una uzio wake. Kuni zilipoanza kwisha na nyasi za kuezekea zikawa za kugombewa, kilichoanza kuhesabiwa ni miti. Mnamo Septemba 2020, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, ugomvi wa vijana wa wenyeji na wakimbizi kisimani uligeuka mapigano, na wakimbizi kadhaa wa Sudan Kusini wakauawa. Nimesema kwamba dhamiri hufika pale anapofahamika mtu wa kudai. Rhino Camp inaniharibia hesabu. Hawa walijuana. Walichota maji kwenye bomba moja, watoto wao walikaa dawati moja, na baadhi ya wale wenyeji walikuwa wamezaliwa ukimbizini. Kufahamiana hakukutosha, na waliofiwa walikuwa mbali na wajomba ambao wangekuja kudai.